Testa ya solenoidi: inavyofanya kazi, inapodanganya, na namna ya kuitumia bila kuumia

Fundi umeme wa Afrika Mashariki hukulia na vipimo viwili: testa ya bisibisi yenye kitaa cha neoni, na maltimita ya dijitali. Testa ya solenoidi ni ya Kimarekani zaidi. Kule wengi huiita Wiggy, jina la biashara linalotokana na George P. Wigginton, aliyepata hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1918. Huku hufika kwa njia za pembeni: sanduku la zana la ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni, au mtu kaagiza mtandaoni kwa sababu kasikia kuwa haiharibiki. Ni kweli haiharibiki kirahisi. Tatizo ni kwamba anayeishika huwa na mazoea ya testa ya bisibisi au ya maltimita, na kwenye kifaa hiki mazoea yote mawili yanaweza kumponza.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili: testa ya solenoidi inakula umeme. Maltimita ya dijitali huchungulia tu; hii ni mzigo kamili, unawekwa juu ya saketi na kuondolewa. Uzuri wake wote na hatari zake zote zinatoka hapo.

Ndani kuna nini

Kuna koili ya waya mwembamba (ndiyo solenoidi yenyewe), kipande cha chuma kinachoteleza katikati yake, na springi inayokirudisha chuma hicho mahali pake. Ukigusisha ncha mbili kwenye umeme, koili inageuka sumaku na kukivuta chuma, na chuma kinasogeza kishale kwenye geji. Volti zikiwa nyingi, kinavutwa zaidi. Hakuna betri, hakuna swichi ya kuchagua AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa gridi) au DC (usiogeuka, kama wa betri), hakuna kilichobaki cha kukosea kuweka.

Geji yenyewe ina alama chache: 120, 208, 240, 277, 480 na 600. Hizo ni volti za gridi za Amerika Kaskazini. Ukiwa Tanzania, ambako umeme wa kawaida ni volti 230 kati ya fezi (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme), na 400 kati ya fezi mbili, au Kenya kwenye 240 na 415, kishale hakitakaa juu ya alama yako. Kwenye soketi ya nyumbani kitasimama jirani na 240, na kati ya fezi mbili kitasimama mahali fulani baina ya 277 na 480. Inatosha kujua kama una fezi moja au mbili mkononi. Usihangaike kutafuta kama ni 228 au 236. Kifaa hiki hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna mtetemo. Umeme wa AC wa 50 Hz huikaza sumaku mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo chuma kinatetemeka na testa inanguruma mkononi. Kwenye mtambo wa kusaga wenye kelele, au chumba kisicho na taa kwa sababu taa ndiyo umekuja kuitengeneza, mkono unapata jibu kabla ya jicho. Umeme wa DC haungurumi: utasikia "tak" moja chuma kinapovutwa, kisha kimya, kishale kikiwa kimebaki juu. Baadhi ya modeli zina pia kitaa cha neoni, na nyingine kisumaku kidogo kinachogeuka kuonyesha upande wa chanya na wa hasi.

Chini ya volti 90 hivi, chuma hakiondoki. Springi inashinda. Kwa hiyo kimya cha testa hii hakina maana ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna umeme wa kutosha kuvuta chuma. Kati ya sifuri na volti 90 kuna nafasi kubwa ya mtu kuumia.

Inakula kiasi gani

Ukinzani hutofautiana kwa modeli, lakini chukua mfano wa omu 10,000. Kwenye volti 240 hiyo ni miliampia 24, na joto la karibu wati 6 ndani ya plastiki uliyoishika. Ukipima volti 480 mkondo unakuwa mara mbili, na joto mara nne: wati 23. Ndiyo maana lebo yake huandikwa muda wa juu wa kushikilia, mara nyingi sekunde kadhaa tu, na muda wa kuiacha ipoe. Lebo hiyo isomwe. Koili iliyoungua hainung'uniki tena, na testa isiyonung'unika ndiyo inayosema "hakuna umeme".

Kwenye 50 Hz koili hupitisha mkondo zaidi kidogo kuliko kwenye 60 Hz, na kwenye DC zaidi tena, kwa sababu kinachobaki kuuzuia ni ukinzani wa waya peke yake. Kama lebo imeandikwa kwa ajili ya 60 Hz, wewe wa Dodoma au Eldoret punguza muda.

Sasa faida yake. Umezima breka ya taa, lakini waya huo umelala kwenye bomba moja na waya mwingine wenye moto kwa mita 20. Waya mbili zinazokwenda sambamba hufanya kapasita ndogo (kihifadhi chaji), tuseme pikofaradi 100 kwa kila mita, yaani nanofaradi 2 kwa urefu wote. Kwa 50 Hz hicho ni kizuizi cha omu milioni 1.6. Maltimita yenye omu milioni 10 ikiwekwa hapo inaweza kuonyesha volti 80, 120, hata zaidi ya 200, na fundi anarudi kwenye bodi kuzima breka ambayo tayari ameizima. Testa ya solenoidi yenye omu 10,000 inazinyonya volti hizo hadi zinabaki kama moja na nusu. Chuma hakitikisiki. Hizo zinaitwa volti za mzuka, na kwa kuzifukuza sijaona kipimo rahisi kuliko hiki.

Lakini usiitwishe kazi isiyo yake. Miliampia 24 ni mzigo wa kutosha kuua mzuka, si wa kutosha kufichua kiungo kilicholegea. Nyutro iliyoshikiliwa na uzi mmoja wa shaba itaipa testa volti 240 safi, kisha ukiwasha pasi kila kitu kinazima.

Hatua kwa hatua: kuhakikisha saketi imekufa

1. Kagua waya na ncha kabla ya kuondoka kwenye sanduku. Uvute waya pale unapoingia kwenye mwili wa testa na pale unapoingia kwenye mpini wa ncha. Hapo ndipo hukatikia ndani huku ganda likiwa zima. Ganda likiwa na ufa, au shaba inaonekana, kipimo hicho hakipimi leo. Chuma kilicho wazi kwenye ncha kiwe kifupi. Mwongozo wa Uingereza uitwao GS38 unataka kisizidi milimita 4, na afadhali 2. Testa nyingi za zamani zina ncha ndefu kuliko hapo, na ncha ndefu ndani ya bodi iliyobanana inaweza kugusa fezi mbili kwa mara moja. Mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto unasaidia.

2. Jua unakokwenda. Kikomo ni volti 600 kwa testa nyingi. Pampu ya kisima, mashine ya kusaga nafaka, kiyoyozi, hivyo vimo ndani. Upande wa msongo mkubwa wa transfoma haumo, wala safu ndefu za paneli za sola, ambazo hupita 600 kwa urahisi na tena ni DC.

3. Zima, kisha funga. Breka iwekwe kufuli, au fyuzi ing'olewe iingie mfukoni mwako. Kisha uliza mwenye nyumba swali ambalo wengi husahau: kuna inveta? Kuna jenereta? Kuna waya uliovutwa kutoka kwa mpangaji wa jirani? Siku hizi nyumba moja inaweza kulishwa kutoka sehemu tatu, na kuzima swichi kuu kunaifanya inveta iamke na kuanza kulisha.

4. Ijaribu testa mahali unapojua kuna umeme. Soketi inayofanya kazi inatosha. Usikie mtetemo, uone kishale kikipanda. Kanuni za usalama za Marekani, NFPA 70E, zinataka kipimo kihakikishwe kabla na baada ya kupima, na kwa kifaa kinachojibu "hakuna" kwa kukaa kimya sharti hilo halina mjadala.

5. Gusisha ncha ya kwanza kwenye nyutro au ethi (waya wa ardhini), ya pili kwenye waya wa moto. Wakati wa kutoa, waya wa moto uachiwe kwanza. Mpangilio huu una sababu, nami nitaueleza peke yake hapo chini.

6. Shikilia sekunde mbili au tatu. Ukishapata jibu, toa. Usiifunge kwa klipu ukaenda kumwita mwenzako.

7. Pima pea zote. Kwenye saketi ya fezi moja ni moto kwa nyutro, moto kwa ethi, nyutro kwa ethi. Kwenye fezi tatu zinafika kumi: fezi kwa fezi mara tatu, kila fezi kwa nyutro, kila fezi kwa ethi, kisha nyutro kwa ethi. Usiridhike na fezi kwa fezi. Waya mbili zilizotoka fezi moja hazina tofauti ya volti kati yao, kwa hiyo testa inakaa kimya huku zote mbili zina moto.

8. Rudi kwenye soketi ile ile ya hatua ya nne uijaribu tena. Ikinguruma, kimya ulichokipata kina maana. Isiponguruma, huna jibu lolote; anza upya na kipimo kingine.

9. Malizia na maltimita, ikiwezekana yenye mpangilio wa LoZ (ukinzani mdogo, unaoua mzuka), kuangalia ile nafasi ya chini ya volti 90 ambayo solenoidi haiioni. Ikisoma karibu na sifuri, fungua skrubu.

Ncha inayoning'inia

Turudi kwenye mpangilio wa hatua ya tano.

Mtu aliyezoea testa ya bisibisi anajua kwamba anatakiwa kugusa kichwa cha bisibisi kwa kidole ili kitaa kiwake. Ndani mna rezista ya omu milioni moja hivi, kwa hiyo kinachopita mwilini ni robo ya miliampia na hakisikiki. Mkono umejifunza hivyo kwa miaka.

Mpe mtu huyo testa ya solenoidi. Anaweka ncha moja kwenye waya wa moto, na kwa mazoea au kwa bahati mbaya anagusa chuma cha ncha ya pili huku mguu uko kwenye sakafu yenye unyevu. Sasa mwili wake umeingia kwenye mstari na koili. Omu 10,000 za koili, tuseme 1,500 za mwili wenye jasho, volti 240: miliampia 21. Kuanzia miliampia 10 hivi misuli ya mkono hukaza na mtu hushindwa kuachia. Na testa yenyewe itakuwa inanguruma, kwa sababu umeme unapita vizuri tu, kupitia kwake.

Kwa maltimita ya dijitali kosa hilo hilo lingepitisha mikroampia 24, na mwenye mkono asingejua kitu.

Kwa hiyo ncha ya pili isiachwe ikining'inia ile ya kwanza ikiwa kwenye moto. Ianze nyutro, au ethi, iwe imekaa; ndipo mkono wa pili uende kwenye moto. Vidole vikae nyuma ya ukingo wa plastiki. Kama modeli yako inaruhusu ncha moja kubanwa kwenye mwili wa testa, ibane hapo, mkono wa kushoto upumzike mbali na bodi. Viatu vikavu, na pete ivuliwe.

Vitu vitakavyokushangaza

Ukipima moto kwa ethi, nyumba nzima inaweza kuzima. Hujaharibu kitu. RCD (breka inayokata umeme unapovuja kwenda ethi) ya miliampia 30 inaruhusiwa kuruka popote kuanzia 15, nawe umemwaga 24 kwenye ethi. Marekani ni zaidi: GFCI zao, ndizo RCD za kule, huruka kati ya miliampia 4 na 6, na hata kwenye volti 120 testa hii inapitisha karibu 12. Nyumba ikiwa na RCD, pima moto kwa nyutro kwanza na uwaambie watu kwamba umeme unaweza kukatika. Usigeuze jambo hilo kuwa njia ya kupima RCD pia. Kuruka kwake hakuonyeshi imeruka kwa miliampia ngapi wala kwa muda gani.

Fyuzi nayo ina mchezo wake. Ukiweka ncha pande mbili za fyuzi na testa ikanguruma, fyuzi imeungua na kuna mzigo upande wa pili. Testa ikikaa kimya, fyuzi inaweza kuwa nzima, au imeungua lakini mzigo umezimwa. Pima kila upande kwa nyutro badala yake.

Cha hatari kuliko vyote ni kapasita. Chukua drivu (kifaa cha elektroniki kinachoendesha kasi ya mota) ya volti 415. Ukiizima, kapasita zake za DC zinabaki na karibu volti 587. Weka testa: kishale kinaruka hadi karibu na mwisho, kisha kinashuka polepole, kwa sababu koili inazimwaga zile kapasita. Kwa maikrofaradi 1,000 na omu 10,000 kitachukua sekunde kama 19 kufika volti 90, halafu chuma kinarudi chini na kila kitu kinatulia. Ni hapo ambapo fundi huingiza mkono, kapasita bado zikiwa na volti 80 na kitu. Zaidi ya hapo umeichemsha koili bure. Drivu huandikwa muda wa kusubiri kwenye kifuniko chake. Subiri dakika hizo, kisha pima kwa maltimita kwenye DC.

Mahali pa kuiacha sandukuni

Usiiguse kwenye kadi za elektroniki, viingilio vya PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo), rimoti za geti, bodi ya kiyoyozi cha inveta. Unapoinua ncha, sumaku ya koili inaporomoka na kurusha mshtuko wa volti kwenye saketi uliyoipima. Kontakta na mota hazijali. Chipu inajali.

Usiitumie kituo cha mafuta karibu na pampu, stoo ya gesi, au chumba chenye mvuke wa rangi. Cheche ndogo pale ncha inapoinuka ni ya kawaida kwa kifaa hiki, na kwenye DC huwa kubwa kidogo.

Mfumo wa betri wa volti 12, 24 au 48? Haitaona chochote. Mtu anaweza kupima benki ya betri ya volti 48, akapata kimya, akaangusha spana juu ya vichwa vya betri.

Na ubao mkuu, pale waya wa shirika unapoingia, au karibu na transfoma, hapo mimi naikataa kabisa kama ni ya zamani. Testa nyingi za kale za solenoidi hazina alama ya CAT III wala CAT IV (madaraja ya kustahimili mishtuko ya volti, IV likiwa la juu), na nyingi hazina fyuzi ndani. Koili ikifanya shoti mahali ambapo transfoma inaweza kusukuma maelfu ya ampia, kitakachokatika ni kilicho mkononi mwako. Tumia testa ya ncha mbili iliyotengenezwa kwa kiwango cha IEC 61243-3 na yenye alama ya CAT IV. Hizo hula mkondo mdogo zaidi, zinaona volti za chini, nyingine hutetemeka zikibonyezwa, na bei yake inalipwa kwa kazi chache.

Ukiuziwa iliyotumika

Igeuze juu chini na uitikise kidogo karibu na sikio. Chuma kinapaswa kuteleza na kurudi kwa uhuru. Kikikwama, kuna kutu au koili imevimba kwa joto. Nusa pale waya unapoingia: harufu ya vanishi iliyoungua ni sababu tosha ya kumrudishia mwenyewe. Pima ukinzani kati ya ncha mbili kwa maltimita, huku ukizikunja waya zote mbili karibu na mipini. Usomaji unapaswa kutulia kwenye maelfu ya omu. Ukirukaruka unapokunja, waya umekatika ndani. Modeli nyingine zina neoni au vipuri vingine sambamba, kwa hiyo usitafute namba kamili, tafuta utulivu. Mwisho ijaribu kwenye soketi ya kawaida iliyo nyuma ya breka ndogo, sekunde mbili, mkono mmoja, miwani usoni. Isiponguruma hapo hapo, usikubali kuambiwa kwamba inahitaji kuzoezwa.